Je, Dudayev na Maskhadov ni warithi wa Imamu Shamil? Naomba ufafanuzi

Msomaji wa Pangani

Assalaam alaykum na heshima kwenu nyote wanajukwaa. Tangu vita vya Ukraine vilipopamba moto mwaka 2022 nimekuwa nikifuatilia habari za Wachechen, taifa la Waislamu wa milima ya Kaukazi kusini mwa Urusi, kwa sababu wapo katika pande zote mbili za vita hivyo. Wako wanaopigana chini ya Ramzan Kadyrov kwa ajili ya Urusi, na wako wanaopigana upande wa Ukraine, wakiwemo wa vikosi viwili ambavyo kimoja kinaitwa kwa jina la Sheikh Mansur na kingine kwa jina la Dzhokhar Dudayev. Majina hayo ndiyo yaliyonisukuma kuanza kusoma historia yao.

Karibu kila andiko ninalokutana nalo linawapanga viongozi wa Wachechen kama watu wanaopokezana kijiti: Sheikh Mansur, kisha Imamu Shamil, kisha waasi wa 1877, kisha Dudayev na Maskhadov, marais wa Chechnya wa miaka ya 1990. Mpangilio huo unanitatiza. Shamil hakuwa Mchechen, alikuwa Mwavari wa Dagestan, tena mwisho wake alijisalimisha kwa Warusi na akaishi kwa posho ya Tsar. Dudayev naye alikuwa jenerali wa jeshi la anga la Umoja wa Kisovyeti, mwenye mke Mrusi, ambaye maisha yake yote ya kazi yalipita mbali na Chechnya.

Maswali yangu ni mawili. Kwanza, je, viongozi hawa walikuwa wakipigania kitu kimoja, au kila mmoja alikuwa na lake na watu wa baadaye ndio waliowaunganisha? Pili, ilikuwaje Estonia na Georgia zikatoka katika Umoja wa Kisovyeti zikatambuliwa na dunia nzima, ilhali Chechnya iliyotangaza uhuru mwaka 1991 ikaishia kupelekewa vifaru? Ninaomba majibu yenye tarehe na majina, na tuyaache kwanza mabishano ya nani gaidi na nani shujaa, maana yakianza hayo mada humezwa.

Mwalimu Mstaafu

Ndugu Msomaji, wa alaykum salaam. Nitajibu swali la kwanza, la pili nitawaachia wanaojua sheria.

Kwa maoni yangu walipigania vitu vitatu tofauti, na ukivichanganya hutaelewa kwa nini kila mmoja alishindwa kwa namna yake. Mansur alitaka kuwarekebisha watu. Shamil alitaka kujenga dola ya kidini ya milimani. Dudayev alitaka taifa lenye katiba, bendera na kiti Umoja wa Mataifa. Adui peke yake ndiye aliyekuwa mmoja, na hata huyo alibadilika sura mara tatu.

Mansur, ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Ushurma, alitoka katika kijiji cha Aldy, mahali ambapo leo ni kitongoji cha Grozny. Alianza kwa kuwahubiria watu waache kisasi cha damu, tumbaku na pombe, washike sharia na watoe sadaka. Warusi ndio waliomfanya awe kiongozi wa vita. Mwezi Julai 1785 walimtuma Kanali Pieri na kikosi chake kwenda kumkamata. Pieri alikikuta kijiji kitupu, akakichoma moto, nyumba ya Mansur ikiwemo, na wakati wa kurudi njia ikampitisha msituni ambako watu wa Mansur walikuwa wakimngoja. Kanali mwenyewe aliuawa na kikosi chake kikasambaratishwa. Habari hiyo ilienea Kaukazi yote na watu wakamiminika kwa Mansur, si Wachechen peke yao, bali Wakumyk, Wakabarda na watu wa Dagestan pia. Lakini ushindi wa msituni haukumpa uwezo wa kuteka ngome. Alijaribu kuichukua Kizlyar na akashindwa, kwa sababu wafuasi wake walikuja kwa hamasa, wakaondoka kila mmoja kwa wakati wake, na mizinga hawakuwa nayo. Alihamia kwa Wacherkesi, akakamatwa Anapa mwaka 1791 Warusi walipoiteka kutoka kwa Waturuki, akafia katika gereza la ngome ya Shlisselburg mwaka 1794. Hakuacha serikali wala mrithi. Aliacha fununu kwamba mataifa ya milimani yanaweza kusimama pamoja.

Sasa kuhusu Shamil na swali la kwa nini Mwavari awaongoze Wachechen. Jambo la kuzingatia ni kwamba jamii ya Wachechen haikuwa na makabaila. Watawala wa Kikumyk na Kikabarda waliojaribu kuwatoza kodi huko nyuma walikuwa wamefukuzwa, na mambo yaliamuliwa na wazee wa koo. Mfumo huo ulikuwa kinga nzuri dhidi ya dhuluma ya ndani, lakini ulikuwa na shida yake: hakuna ukoo uliokuwa tayari kutii amri ya ukoo mwingine. Mtu wa nje mwenye elimu ya dini, asiye na upande katika visasi vyao, alikubalika kirahisi kuliko jirani.

Hata hivyo hawakumwendea kwa mapenzi tu. Baada ya kuanguka kwa ngome yake ya Akhulgo huko Dagestan mwaka 1839, Shamil alikuwa amekwisha. Alikuwa amemtoa mwanawe mkubwa, Jamaluddin, kama mateka kwa Warusi, akatoroka na watu wachache sana hadi Chechnya. Kilichomfufua ni Warusi wenyewe, kwa maana Jenerali Pullo alikuwa akizunguka vijijini kuwanyang'anya Wachechen silaha, na kwa mwanamume wa Kichechen wa zama hizo kunyang'anywa bunduki ni kuvuliwa nguo hadharani. Mwezi Machi 1840 Chechnya iliinuka na Shamil akatangazwa imamu huko Urus-Martan. Kuanzia hapo nchi iligawanywa katika majimbo chini ya manaibu, kila naibu akiwa na askari wake, kadhi na mkusanya zaka, na nafaka za tambarare za Chechnya ndizo zilizowalisha wapiganaji wa milima mikavu ya Dagestan.

Mwaka 1845 Jenerali Vorontsov alipoingia msituni na watu wapatao 10,000 kuliteka boma la Dargo, alilikuta limeteketezwa na Shamil mwenyewe, na njia ya kurudi ikamgharimu maelfu ya waliouawa na kujeruhiwa, majenerali watatu wakiwemo miongoni mwa waliokufa. Warusi walijifunza. Waliacha kukimbilia vilele vya milima, wakashika shoka: mwaka baada ya mwaka walifyeka misitu ya Chechnya, wakafungua njia pana kuliko masafa ya risasi, wakahamisha vijiji kutoka tambarare. Tambarare ilipokatika, tumbo la dola ya Shamil likakatika. Vedeno, makao yake makuu, ilianguka Aprili 1859, na kwa kalenda ya Urusi ya wakati ule alijisalimisha Gunib, ngome yake ya mwisho huko Dagestan, tarehe 25 Agosti mwaka huohuo mbele ya Jenerali Baryatinsky.

Hapa ndipo Wachechen na Waavari wanapotofautiana katika kumbukumbu. Miongoni mwa waliokuwa Gunib alikuwemo naibu Baysangur wa Benoy, ambaye inasemekana vita vilikuwa vimekwisha kumpotezea mkono, mguu na jicho, akawa anafungwa kwa kamba juu ya farasi. Yeye alikataa kusalimu amri. Masimulizi ya Wachechen yanadai kwamba Shamil alipokuwa akitoka kwenda kwa Warusi, Baysangur alimwita kwa nyuma mara kadhaa akiwa ameelekeza bunduki, na Shamil hakugeuka kwa sababu alijua Mchechen hampigi mtu mgongoni. Iwe kweli au isiwe, masimulizi hayo yanaonyesha wanavyomhukumu Shamil. Baysangur alirudi Benoy, akawasha maasi mapya mwaka 1860, akanyongwa Khasavyurt mwaka 1861. Likumbuke jina la mji huo, litarudi.

Tusimfanye Shamil malaika. Manaibu wake walichoma vijiji vilivyopatana na Warusi, na wengi wao walitajirika kwa mali ya umma, jambo ambalo lilichangia watu kumchoka katika miaka ya 1850. Na familia yake mwenyewe haikubaki upande mmoja: mwanawe Ghazi Muhammad alipigana upande wa Waturuki katika vita vya 1877, ilhali mwanawe mwingine, Muhammad Shafi, alikuwa jenerali wa Urusi. Shamil mwenyewe aliishi Kaluga, akaruhusiwa kwenda hija, akafariki Madina mwaka 1871 na kuzikwa Baqi.

Bint Bagamoyo

Mwalimu, shikamoo. Nimekufuata neno kwa neno, ila umemruka mtu ambaye nadhani bila yeye hatuwezi kuelewa chochote kilichofuata, naye ni Kunta-Haji Kishiev.

Wakati Shamil akiwa bado vitani, mchungaji huyu wa kondoo alirudi kutoka hija na twarika ya Kadiria, akaanza kuwaambia Wachechen kwamba vita vikiendelea watakwisha wote, kwa hiyo wayavumilie madaraka ya Tsar na wailinde imani moyoni na nyumbani. Shamil hakupendezwa naye. Yeye na maimamu waliomtangulia walitegemea twarika ya Nakshibandia, iliyokuwa na nidhamu ya kijeshi na dhikri ya kimyakimya. Baada ya Gunib, watu waliochoka kuzika watoto wao walimiminika kwa Kunta-Haji. Warusi, badala ya kushukuru kwamba amepatikana mtu wa kuhubiri amani, waliogopa wingi wa wafuasi wake, wakamkamata Januari 1864. Siku chache baadaye maelfu ya wafuasi walikusanyika Shali kudai aachiliwe. Walikwenda na majambia tu, na askari wakawafyatulia risasi na mizinga. Mamia walikufa, wanawake wakiwemo. Kunta-Haji alifia uhamishoni mwaka 1867 katika mji wa Ustyuzhna, kaskazini mwa Urusi, na wafuasi wake wengi hawakukubali kamwe kwamba amekufa. Mwaka uliofuata mauaji ya Shali, kaya zipatazo 5,000 za Wachechen na majirani zao zilihamia dola ya Uthmaniya.

Ninamtaja kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba wanafunzi wa mhubiri huyu wa amani ndio waliogeuka kuwa wapiganaji. Maasi ya 1877 yaliyoongozwa na kijana Alibek-Haji Aldanov wa Simsir, aliyenyongwa Grozny mwaka uliofuata, yaliwakusanya watu wa twarika zote mbili. Ya pili ni kwamba duara la dhikri ambalo dunia ililiona kwenye televisheni mwaka 1994, wanaume wakikimbia kwa kuzunguka na kupiga miguu chini mbele ya ikulu ya Dudayev huku ndege za Urusi zikipita juu, ni la Kunta-Haji. Sisi tuliokulia Bagamoyo na Unguja, ambako Kadiria ilienezwa na Sheikh Uways wa Barawa na wanafunzi wake, tunaijua dhikri ya sauti na pumzi, lakini mbio zile ni za Wachechen na majirani zao Waingush.

Na kuna kinyume chake kinachofaa kukumbukwa: Akhmad Kadyrov, mufti aliyetangaza jihadi dhidi ya Urusi katika vita vya kwanza kisha akahamia upande wa Moscow katika vita vya pili, naye ni wa njia hiyohiyo ya Kunta-Haji. Kwa hiyo anayesema kwamba mgawanyiko wa leo ni baina ya wacha Mungu na wasaliti wa dini anakosea kabisa. Kila upande unaweza kumtaja Kunta-Haji na ukapata ushahidi: huyu atataja uvumilivu wake, yule atataja Shali.

Wakili wa Mwanza

Nitajibu swali la pili, ila haliwezekani bila kupitia mwaka 1944.

Katikati kuna miaka mingi ambayo nitaipita haraka. Mwaka 1918 wasomi wa Kaukazi, akiwemo Mchechen Tapa Chermoev, walitangaza Jamhuri ya Milimani, ambayo haikudumu. Mwaka 1919 Uzun-Haji, mzee wa Nakshibandia, aliunda emirati iliyopigana na Jenerali Denikin, adui wa mapinduzi, kwa kushirikiana na Wabolsheviki, kisha Wabolsheviki wakaimeza. Mwaka 1940 Khasan Israilov, aliyekuwa mwandishi wa habari na mwanachama wa chama cha kikomunisti, aliasi katika milima ya Galanchozh. Maasi yake hayakuwa makubwa, lakini Stalin aliyatumia kulituhumu taifa zima kwamba linawasaidia Wajerumani, ambao hata Grozny hawakuwahi kuifikia.

Tarehe 23 Februari 1944, Siku ya Jeshi Jekundu, wanaume waliitwa kwenye mikutano ya sherehe. Askari walikuwa wamekwisha kuletwa kwa wiki kadhaa kwa kisingizio cha mazoezi. Watu walipakiwa katika malori ya Studebaker ambayo Marekani ilikuwa imeyatoa kwa ajili ya kupigana na Hitler, wakapelekwa kwenye mabehewa ya ng'ombe, na kwa siku chache karibu nusu milioni ya Wachechen na Waingush walikuwa njiani kwenda Kazakhstan na Kyrgyzstan katikati ya baridi. Beria mwenyewe, mkuu wa polisi wa siri wa Stalin, alikuwa Grozny akisimamia. Jamhuri yao ilifutwa kwenye ramani, na mawe ya makaburi yao yakang'olewa kujengea barabara na majengo. Hata askari wa Kichechen waliokuwa mstari wa mbele waliondolewa jeshini wakapelekwa uhamishoni. Walipoanza kurudi mwaka 1957, wengi walikuta nyumba zao zina watu wengine.

Ndugu Msomaji, ukiziangalia tarehe za kuzaliwa za marais watatu wa kwanza utaona jambo. Dudayev alizaliwa mapema 1944 akahamishwa akiwa mchanga. Maskhadov alizaliwa Kazakhstan mwaka 1951, na Zelimkhan Yandarbiyev alizaliwa hukohuko mwaka 1952. Hakuna kati yao aliyelelewa na mapokeo ya vita vya Shamil. Walilelewa na wazazi ambao hawakuruhusiwa kuvuka mpaka wa wilaya yao bila kibali cha kamanda. Nadhani hapo ndipo Mansur na Shamil walipounganishwa nao, kwa sababu taifa lililoponea chupuchupu kufutwa lilitafuta ushahidi kwamba vita vyake havikuanza jana.

Tuje kwenye sheria. Katiba ya Umoja wa Kisovyeti ya 1977, ibara ya 72, ilitoa haki ya kujitoa kwa jamhuri za muungano peke yake, na hizo zilikuwa 15. Estonia na Georgia zilikuwa miongoni mwake. Chechnya-Ingushetia ilikuwa jamhuri ya kujitawala ndani ya Urusi, daraja moja chini. Dunia ilipokubali kuzaliwa kwa mataifa 15 ilishika mipaka hiyohiyo ambayo Stalin na wenzake walikuwa wameichora kwa matakwa yao, na Umoja wa Mataifa haukutaka kufungua mlango kwa Tatarstan, Abkhazia na wengine wote wa daraja la pili. Wakili wa Wachechen angeweza kujibu kwamba daraja hilo walipewa bila kuulizwa na kwamba mwaka 1944 walifutiwa hata hilo, na kwa maoni yangu hoja hiyo ina uzito. Lakini haikupata mahakama ya kuisikiliza.

Dudayev hakuisaidia. Alikuwa ameongoza kikosi cha ndege kubwa za mabomu huko Tartu, akashuhudia kwa macho yake Waestonia wakidai uhuru, na akarudi nyumbani akiamini kwamba njia hiyo inawafaa Wachechen. Waestonia, hata hivyo, walikuwa na bunge, wanasheria na majirani wa Ulaya. Yeye aliingia madarakani baada ya wafuasi wake kulivamia baraza la jamhuri Septemba 1991, akachaguliwa tarehe 27 Oktoba katika uchaguzi ambao wapinzani waliulalamikia, akatangaza uhuru tarehe 1 Novemba. Yeltsin, rais wa Urusi, alituma askari kwa ndege, wakazingirwa katika uwanja wa Khankala, na bunge la Urusi lenyewe likakataa kuidhinisha hali ya hatari. Askari walirudishwa kwa mabasi. Waingush waliamua kubaki Urusi na wakapewa jamhuri yao mwaka 1992.

Kuanzia hapo Dudayev alipata miaka mitatu, na aliitumia vibaya. Mshahara haukulipwa, mafuta ya Grozny yaliuzwa na wajanja, wakazi wenye asili ya Kirusi waliondoka kwa maelfu, na Juni 1993 alilivunja bunge kwa nguvu. Tatarstan, ambayo nayo ilikataa kutia saini mkataba wa shirikisho mwaka 1992, ilikaa mezani na Moscow ikapata mkataba wake Februari 1994. Hakuna sababu ya kisheria iliyozuia Grozny ipate mkataba kama huo au bora zaidi. Kulikuwa na Dudayev asiyependa kushuka daraja, na kulikuwa na Yeltsin ambaye hakuwahi kukubali kuonana naye ana kwa ana.

Hayo hayahalalishi kilichofuata. Vita vilianza tarehe 11 Desemba 1994 kwa kuvuka mpaka, na usiku wa kuamkia mwaka mpya brigedi ya Maikop ilipelekwa na vifaru vyake katikati ya Grozny bila askari wa miguu wa kutosha, ikaangamizwa karibu na stesheni ya treni. Aliyepanga ulinzi huo alikuwa Aslan Maskhadov, kanali wa mizinga aliyefundishwa na jeshi lilelile lililokuwa likimshambulia. Dudayev aliuawa kwa kombora tarehe 21 Aprili 1996 karibu na Gekhi-Chu akizungumza kwa simu ya setilaiti.

Kuna tukio moja la mwezi uliofuata ambalo lilirekodiwa, na ninawashauri mlitazame. Yandarbiyev, mshairi aliyerithi urais, alipoingia Kremlin tarehe 27 Mei 1996, Yeltsin alikuwa amekaa kwenye kichwa cha meza, na Wachechen wametengewa kiti cha pembeni kama ujumbe wa mkoa. Yandarbiyev alikataa kukaa. Alisema atakaa mkabala na Yeltsin, nchi kwa nchi, au ataondoka. Walibishana mbele ya kamera, na mwisho Yeltsin ndiye aliyehama kiti. Kesho yake, huku ujumbe wa Wachechen ukiwa bado Moscow, Yeltsin aliruka kwa ndege hadi Chechnya kuwaambia askari wake kwamba vita vimekwisha na wameshinda. Agosti, wapiganaji wa Maskhadov waliiteka tena Grozny, na tarehe 31 Agosti yeye na Jenerali Lebed wa upande wa Urusi wakatia saini makubaliano yaliyoahirisha suala la hadhi ya Chechnya hadi mwisho wa 2001. Yalitiwa saini Khasavyurt, Mwalimu, alikonyongewa Baysangur wako.

Msomaji wa Pangani

Ninawashukuru sana, Mwalimu, dada yangu Bint Bagamoyo na Wakili. Bado kuna jambo moja linalonisumbua. Kama Maskhadov alishinda vita na akachaguliwa, na Yeltsin akatia naye saini mkataba wa amani, ni kwa nini miaka miwili tu baadaye kila kitu kiliporomoka? Na Shamil Basayev, yule kamanda wa wapiganaji, alikuwa mtu wake au hakuwa mtu wake?

Mswahili wa Doha

Alikuwa mtu wake na hakuwa mtu wake, na huo ndio msiba wa Maskhadov.

Uchaguzi wa tarehe 27 Januari 1997 ulisimamiwa kwa macho ya waangalizi wa shirika la usalama na ushirikiano la Ulaya. Maskhadov alipata takriban asilimia 59, Basayev asilimia 23, na Yandarbiyev asilimia 10. Mkataba wa tarehe 12 Mei 1997 ulisema kwamba pande mbili zinaachana milele na matumizi ya nguvu. Kwa hiyo uhalali alikuwa nao, kwa ndani na hata kwa Moscow. Alichokosa ni fedha na mamlaka juu ya bunduki. Makamanda wa vita walirudi vijijini kwao na vikosi vyao, na biashara iliyobaki hai ilikuwa utekaji nyara. Desemba 1998 vichwa vya mafundi wanne wa simu, Waingereza watatu na raia mmoja wa New Zealand, viliokotwa kando ya barabara. Baada ya hapo hakuna serikali ya nje iliyotaka kusikia habari za kuitambua Chechnya. Maskhadov alijaribu kuwatuliza wapinzani wake wa kidini kwa kutangaza utawala wa sharia Februari 1999, na alichopata ni kulidhoofisha bunge lake mwenyewe huku wapinzani wakiunda baraza lao pembeni.

Basayev alikuwa na umaarufu wa aina nyingine. Aliitwa Shamil, alizaliwa Dyshne-Vedeno, jirani na makao makuu ya imamu, na mwaka 1995 aliteka hospitali ya Budyonnovsk akawafanya wagonjwa mateka hadi serikali ya Urusi ikakubali kuzungumza naye kwa simu. Maskhadov alimpa uwaziri mkuu mwaka 1998 kwa matumaini ya kumfunga mikono. Agosti 1999 yeye na Khattab, mzaliwa wa Saudia, waliingia Dagestan na mamia ya wapiganaji kwa lengo la kuunganisha Chechnya na Dagestan chini ya dola ya Kiislamu. Wadagestani wengi walichukua silaha dhidi yao. Mwezi uliofuata majengo ya makazi yakalipuliwa Moscow na miji mingine, na Putin, waziri mkuu mpya, akapata vita vyake. Mwaka 2004 Basayev alijitangaza kuwa ndiye aliyeandaa utekaji wa shule ya Beslan, ambako watu 334 walikufa, zaidi ya nusu yao watoto. Maskhadov alililaani tukio hilo, lakini kufikia hapo sauti yake haikuwa na msikilizaji. Aliuawa Tolstoy-Yurt tarehe 8 Machi 2005. Maiti yake haikurudishwa kwa familia, na mwaka 2013 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba kuinyima familia maiti kwa namna hiyo kulikiuka haki zao.

Yandarbiyev ninamjua kwa sababu alifia hapa. Alikuwa akiishi Doha, na Ijumaa ya tarehe 13 Februari 2004 gari lake lililipuliwa alipokuwa akitoka kuswali, mwanawe akajeruhiwa. Mahakama ya Qatar iliwahukumu Warusi wawili kifungo cha maisha, na kabla ya mwaka kuisha walikabidhiwa kwa Urusi wakatumikie adhabu huko.

Sasa, Ndugu Msomaji, nirudi kwenye swali lako la kwanza, kwa sababu lilipata jibu ambalo wengi hawakulitarajia. Oktoba 2007 Doku Umarov, aliyekuwa ameshika urais wa chini ya ardhi baada ya kuuawa Abdul-Halim Sadulayev, alitangaza kuifuta jamhuri ya Dudayev, pamoja na katiba yake na cheo cha urais, na kuanzisha Emirati ya Kaukazi iliyochukua ardhi zote za Waislamu wa Kaukazi ya Kaskazini. Kwa umbo, hiyo ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na dola ya Shamil: mipaka inayovuka makabila, amiri badala ya rais, na majimbo badala ya jamhuri. Waliompinga vikali walikuwa watu wa Dudayev na Maskhadov, wakiongozwa na Akhmed Zakayev aliyekuwa London, ambaye alisema Umarov amefanya kile ambacho Moscow ilishindwa kukifanya kwa miaka 16, yaani kuifuta jamhuri kwa mkono wa Mchechen. Emirati ilikwisha nguvu ndani ya miaka kama kumi. Jamhuri iliyofutwa ndiyo iliyopata azimio la bunge la Ukraine tarehe 18 Oktoba 2022, lililoitaja Ichkeria, yaani jamhuri hiyo ya Dudayev, kuwa nchi iliyokaliwa kwa muda na Urusi, na ni bendera yake ambayo wapiganaji wa vikosi ulivyovitaja wanaivaa mabegani.